Busia na Malaba: Nchi Inayonyeshewa Alasiri

Napenda kuwasimulia, ndugu zangu na hasa nyinyi mama zetu mlioozesha mabinti mbali na nyumbani, safari niliyoifanya magharibi ya Kenya.

Kilichonitoa Mombasa mwishoni mwa Aprili hakikuwa matembezi. Binti yetu aliolewa Busia mwaka uliotangulia, na tangu mwezi wa Machi alikuwa akitupigia simu kila siku baada ya Alasiri. Nyuma ya sauti yake tulisikia radi, kama magogo yanayoporomoshwa juu ya bati. Mama yake hakustahimili. Akaniambia: "Nenda ukamtazame mwanangu. Ukimkuta hana raha, rudi naye." Nikafunga mzigo.

Njia niliyoishika hupita Eldoret, Webuye na Bungoma. Kutoka hapo, mkono wa kuume, husimama Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, uliokuwa mlima wa moto zama za kale. Nasema husimama, ila mimi sikukiona kilele chake. Nilichokiona ni ukuta wa mawingu, mweupe juu na chini rangi ya wino.

Malaba nilifika baada ya Adhuhuri, jua likiwaka. Malori yaliyotoka bandarini kwetu yalikuwa yamepanga foleni kungoja kuvuka, na ng'ambo ya mpaka lilionekana jabali la Tororo. Nikashangaa kuona akina mama wa sokoni wanafunika nyanya na vitenge vyao kwa karatasi za nailoni, hali mbingu ni nyeupe. Haikupita saa moja, upepo baridi ukavuma, vumbi jekundu likainuka, na mvua ikashuka kwa kishindo nisichokizoea. Baada ya muda si mrefu ikakatika, jua likarudi, na vumbi lile likawa tope linalovua viatu.

Sisi wa pwani tunazijua nyakati zetu kwa pepo: kaskazi, kusi, masika na vuli. Huko hesabu ni nyingine. Mvua kubwa ni ya Machi hadi Mei. Ya pili huanza mwezi wa Agosti na kuendelea hadi Novemba. Disemba hadi Februari ndio ukavu, wakati wa kuanika muhogo. Baina ya misimu hiyo mbingu hazifungi kabisa. Kwa mwaka mzima sehemu za kaunti hiyo hupata baina ya milimita 760 na 2,000, na ufuo wa ziwa hupata kidogo kuliko mashamba ya ndani.

Sababu ya mvua kuja alasiri si ngumu kuifahamu kwa mtu aliyelelewa kando ya bahari. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo hutoka Ziwa Victoria kuingia bara ukiwa umebeba unyevu, kama ule unaotupoza sisi mchana. Huko hukutana na pepo zitokazo mashariki na miinuko ya ardhi, ukapanda juu, ukapoa, na mawingu yakajijenga hata yakapasuka kwa radi. Usiku mambo hugeuka, na mvua mara nyingi hunyesha ziwani kwenyewe.

Kutoka Malaba nilipanda matatu hadi Busia. Binti yangu alinipokea kwa furaha, lakini uso ulikuwa umekonda. Siku ya pili, ilipokaribia saa kumi, nikamwona anaanua nguo, anafunga madirisha, kisha anakaa pembeni ya kitanda akishika simu. Mvua ilipopiga paa, hatukusikizana. Nikaelewa kwamba saa ile ndiyo aliyokuwa akitupigia, na kwamba ndiyo saa ambayo mumewe yuko dukani karibu na mpaka, harudi ila baada ya Isha.

Jioni hiyo nilikwenda msikitini. Imamu alijumuisha Magharibi na Isha kwa ajili ya mvua. Hukumu hiyo niliisoma chuoni nikiwa kijana, lakini kwetu ni mara chache kuitumia. Na mama zangu mkumbuke: katika madhehebu yetu ya Shafi, rukhsa hiyo ni ya wanaoswali jamaa msikitini. Aliyeko nyumbani huswali kila swala kwa wakati wake.

Asubuhi yake alikuja jirani, mama wa makamo mwenye asili ya Budalangi, ameleta kumbikumbi waliotoka na mvua, wamekaangwa. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba madhehebu yetu hayaturuhusu. Hakuchukia, alicheka. Akatusimulia jinsi kwao Mto Nzoia unavyovunja kingo. Mei 2020 mto ulifurika, na Ziwa Victoria nalo likapanda kuliko kiwango cha 1964, watu wakahama na mifugo yao. "Mvua inayotuchukulia nyumba," alisema, "aghalabu haikunyesha kwetu. Imenyesha milimani." Ni kweli. Nzoia hukusanya maji ya Cherangani na Elgon. Upande wa Uganda wa mlima huohuo, Machi 2010, ardhi iliyoshiba maji iliporomoka Bududa ikafukia mamia ya watu.

Mama yule ndiye aliyemfunza binti yangu, mbele yangu, mambo ambayo mimi sikuwa nayo: asijikinge chini ya mti, asisimame mlangoni wala kushika chuma wakati wa radi, na kwamba mvua ikija na upepo mkali hupita upesi. Nikamwuliza binti yangu kama anataka turudi sote. Alinyamaza, kisha akasema: "Baba, mvua nimeizoea. Nisichokizoea ni kuwa peke yangu nayo."

Nikaona tatizo si la mbingu. Nilizungumza na mkwe wangu kwa upole, naye ni kijana msikivu. Tukakubaliana: kila Alasiri mkewe atakwenda kwa mama mkwe, nyumba tatu kutoka kwao, na yeye atafunga duka kabla ya Magharibi katika miezi ya mvua. Hasara ya mauzo ameikubali.

Nilirudi Mombasa peke yangu, na mfuko wa unga wa wimbi. Mke wangu aliponiona sina mtu, aliingia ndani bila kunisalimu. Siku tatu zilipita, simu ya Alasiri haikuja. Ya nne ilikuja baada ya Isha, na nyuma ya sauti ya binti yetu tukasikia wanawake wanacheka. Ndipo mama yake akaniuliza wimbi hupikwaje.

Wazazi wenzangu, binti anapoposwa mbali tunauliza ukoo, dini, kazi na mahari. Tuulize pia: huko mvua hunyesha saa ngapi, na saa hiyo atakuwa na nani? Mwenyezi Mungu aijaalie mvua yetu na yao iwe ya manufaa, na awahifadhi wote walio mabondeni. Amin.