Shairi la Mama Yake Likageuka Wimbo wa Mtu Mwingine

Kuna dada mmoja hapa Dar, mshairi, jina tuliache kapuni. Ukimuona jukwaani utadhani maisha kayapatia. Leo yuko Mikocheni anasoma mashairi, wiki ijayo kaitwa kwenye uzinduzi wa kitabu cha mtu, Jumamosi yuko Tabata kwenye kitchen party anamghania bibi harusi. Watu wanarekodi, vigelegele, status zinajaa. Akishuka anaambiwa, "Dada umetisha, ila bajeti imebana, chukua hii ya bodaboda."

Mwaka 2022 alitoa diwani yake. Wachapishaji walimpiga kimya, basi zamu yake ya mchezo ilipofika hela yote akaipeleka kwa mchapaji, nakala 300. Na hapa ndipo pa kuchekesha: kwenye usiku wa mashairi kitabu hakinunuliki, maana waliojaa pale ni washairi wenzake na kila mtu ana cha kwake kwenye begi. Wanaonunua ni mashangazi wa kitchen party. Shangazi mmoja alibeba vitano, akavigawa kama kanga.

Baadaye akakutana na kijana mmoja wa Sinza, mpiga gitaa. Walichokuwa wanakifanya wale wawili kilikuwa moto, tuseme ukweli. Dada anaandika kwa mizani 16, nane ukwapi na nane utao, kama wazee walivyotuachia, na jamaa akagundua zile nane nane zinakaa kwenye gitaa bila kulazimisha. Katikati ya mshororo anaacha kimya kidogo, dada anavuta pumzi, ukumbi mzima unavuta naye.

Shairi lililowatoa ni alilomwandikia marehemu mama yake, aliyefia wodini usiku yeye akiwa amekwama kwenye foleni. Peke yake hakuwahi kulimaliza mbele za watu, sauti ilikuwa inakatika ubeti wa nne. Gitaa ndilo lililomvusha.

Video ikapandishwa kwenye akaunti ya jamaa, ikasambaa balaa. Chini imeandikwa maneno na muziki, halafu jina la jamaa peke yake. Kwenye kazi kama Sizonje, Mrisho Mpoto mwenye maneno yuko mbele na Banana Zorro kashirikishwa, kila mtu anajua nani ni nani. Huku mshairi hayupo kabisa! Kama haitoshi, kampuni moja ikamwita jamaa kwenye hafla yake, naye akaenda na binti mwingine, mrembo, akaghani yale yale. Dada aliona mubashara kwenye simu, binti wa watu anamlilia mama asiye wake.

Mashosti wakamwambia amchane mtandaoni. Hakumchana. Alifungua diwani ukurasa wa 14, akapiga picha shairi, akapiga na ukurasa wa mbele wenye mwaka, akamtumia jamaa bila hata salamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haisemi mpaka ujisajili ndipo kazi iwe yako, na mtunzi ana haki ya kutajwa. Kuthibitisha ndiyo shughuli. Hapo ndipo kile kitabu kilichokuwa kinakula vumbi chini ya kitanda kikafanya kazi ambayo hata yeye hakukinunulia karatasi kwa ajili yake.

Jamaa alipiga simu mara sita. Jina likawekwa siku hiyo hiyo. Hela ya hafla karudisha nusu, tena kwa mafungu. Naye alikuwa na hoja yake, na si ya kupuuza: bila gitaa lile shairi lingeishia kwa mashangazi.

Sasa wana karatasi waliyosaini wote. Nusu kwa nusu, na la mama haghani mtu mwingine. Jukwaani bado wanapanda pamoja, maana watu wanawataka wote wawili. Wanakuja na boda mbili tofauti. Mazoezi wanafanya kwa kutumiana sauti WhatsApp.