Kompyuta Ndogo na Hesabu ya Mirathi



Kina mama wa darasa letu wametuuliza mara nyingi kuhusu kompyuta za watoto zilizotiwa programu za kunakiliwa bila ya idhini ya wenyewe. Jawabu letu halikuwapendeza wote. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivunja. Jawabu hilo, hata hivyo, humwacha mama mikono mitupu, naye mtoto ataka kusoma.

Ndipo tukaagiza Raspberry Pi, kompyuta iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ukubwa wake kama kadi ya benki. Haina skrini wala kibodi. Huunganishwa na televisheni, na mfumo wake endeshi hukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu. Wengi huitilia Linux. Sisi tulianza na RISC OS, mfumo ulioanzia Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn mwaka 1987, na ambao tangu 2018 una leseni huria: yeyote ana ruhusa ya kuutumia, kuunakili na kuubadilisha. Acorn hao hao ndio waliobuni ARM, ukoo wa prosesa uliomo leo karibu katika kila simu.

Kujifunza mfumo huu kwataka kuweka kando mazoea. Kipanya chake kina vitufe vitatu, na cha kati ndicho kiletacho menyu, papo hapo kiashiria kilipo. Ukitaka kuhifadhi faili, waikamata alama yake na kuiburura hadi ndani ya folda uitakayo. Programu hupishana kwa hiari. Moja ikikataa kupisha, zote husimama, nasi twalazimika kuzima umeme. Hilo hatulisifu.

Kiarabu nacho kilitushinda humo. Hatukupata njia ya kuandika kutoka kulia, herufi zikashikana ipasavyo, basi masomo ya madrasa twayaandika kwa Linux, katika kadi ya pili.

Binti yetu wa miaka 14 hataki kuiacha kadi ya kwanza. Ndani yake mna lugha ya BBC BASIC: wabonyeza F12, waandika *BASIC, waanza kazi. Ameandika programu ya mirathi. Huuliza kwanza madeni na wasia, kisha marehemu ameacha nani. Tuliijaribu kwa shilingi 240,000: mke thumni, 30,000, mama sudusi, 40,000, na zilizobaki, 170,000, kwa mwana mmoja wa kiume, 68,000, na mabinti watatu, kila mmoja 34,000. Haishiki nafasi ya kadhi. Lakini tumewahi kuletewa na mjane karatasi ya mgao iliyoandikwa na mashemeji zake, na thumni yake haikuwamo. Alikuwa ameshatakiwa aitie sahihi.

Kina mama wawili wameshaomba nakala, na kunakili huku hakuna dhambi. Suala la aul bado programu hailijui, mathalani mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, ambapo mafungu 6 huwa 7. Binti ameahidi kulimaliza kabla ya Ramadhani.