Chumvi ya Tate

Mwaka 1999, vita ilipofika kwetu Shabunda, tulikimbilia pori. Sisi batoto ba masomo tulibeba redio, vitabu na viatu. Tate yetu, mama ya mama, alibeba panga, sufuria moja, na makaa ya moto ndani ya chungu, yamefunikwa na majivu. Tulimcheka. Kisha mvua ikalowesha vibiriti vyetu vyote, na moto ukabaki wake peke yake.

Jambo la kwanza alilotufundisha ni kungoja. Mihogo ya kule ni michungu, iko na sumu. Inalowekwa mtoni siku tatu ao ine mpaka ilainike, ndipo inaanikwa na kutwangwa. Njaa ilitubana, mdogo wetu alilia usiku kucha. Tate alienda kukaa pembeni ya maji, akalinda mihogo: si juu ya wezi, ni juu ya sisi wajukuu wake. Baadaye, shuleni, tulisoma habari ya konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ya wale wanaokula siku kwa siku mihogo isiyolowekwa vizuri. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, kule Kwango. Tate hakusoma Trolli.

Samaki wadogo tulipata, sombe pia. Kilichokosekana ni chumvi. Tate alikata majani fulani ya mtoni, akayakausha, akayachoma. Majivu aliyatia ndani ya kitunga, akamwagia maji pole pole. Maji yaliyodondoka chini aliyachemsha usiku, sababu moshi wa mchana unaonyesha mahali watu wako. Yakakauka, ikabaki chumvi ya kijivu, kidogo tu. Nusu yake alipelekea jamaa wa kibanda cha pili, watu tusiojua hata majina yao.

Chumvi ile haina iyodi ya kuzuia uvimbe wa shingo. Hatusemi turudilie kuitumia. Lakini tunakataa neno la wale wanaosema wazee waliishi porini hivi hivi tu. Kule kila kitu kilikuwa na kanuni yake.

Tate alikwisha kutuacha. Juzi watoto wetu walituuliza: majani yale yaliitwa nani? Tukatazamana. Chumvi tuliila wote, jina hakuna aliyeuliza. Ndugu msomaji, kama kwenu tate angaliko, umuendee leo na kalamu mkononi.