Kabla ya kuuliza watoto, tujaribu maswali



Juma lililopita tuliketi na watoto 12 wa hapa Oicha, wengine wenyeji, wengine waliokimbia vita vijijini. Kikundi chetu kinaanza mafundisho juu ya bangi na pombe. Tunataka vijana wajaze karatasi ya maswali kabla na baada, ili tujue kama yanasaidia. Marekani walianzisha mafundisho yao, D.A.R.E., mwaka 1983. Yalipendwa sana, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba waliofundishwa hawakutofautiana sana na wenzao. Tusipopima, tutasifu kazi isiyozaa.

Basi tulijaribu kwanza maswali yenyewe. La kwanza lilisema: "Umekwisha kutumia dawa?" Karibu wote waliandika ndiyo. Tulishituka, mpaka msichana mmoja akasema: "Mama, nilimeza za malaria." Tukabadilisha: bangi, tramadoli, kila kitu kwa jina lake. Mvulana mmoja alikana pombe, halafu akatusimulia kasiksi aliyokunywa kwenye arusi ya shangazi. Kwake pombe ni ile ya chupa. Tukaongeza kasiksi.

Tuliiga pia ujanja wa Ulaya. Uchunguzi wa ESPAD, unaofanyika mashuleni tangu 1995, uliweka kati ya majina ya dawa moja isiyokuwako kabisa, "Relevin". Anayesema ameitumia, anajisifu au anajibu bila kusoma. Sisi tumetunga jina letu. Hatuliandiki hapa, maana watoto wenu wanasoma gazeti hili.

Kosa kubwa lilikuwa letu. Juu ya karatasi tuliweka nafasi ya jina, kisha tukasimama nyuma yao. Kuhusu bangi, wote 12 waliandika hapana. Mara ya pili tuliondoa jina, tukatoka nje, na karatasi zikatiwa ndani ya sanduku. Watatu waliandika ndiyo.

Wamama, wengi wetu tulikuwa na mtoto chumbani mle, na mwandiko wa mtoto wako unaujua. Tuliangaliana, kila mmoja akitamani kufungua. Mwisho mwenzetu asiye na mtoto pale ndiye aliyehesabu, kisha tukachoma zote. Tukitafuta ni nani, hakuna atakayetuambia kweli tena.

Mafundisho yanaanza Jumamosi. Leteni watoto, na wakirudi nyumbani, tafadhali, msiwaulize walijibu nini.