Mdudu kwenye bustani ya mama

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo siandiki habari za Linux wala za seva. Leo ni nyanya.

Mama yangu ana bustani ya robo ekari hapa Balambala, ukingoni mwa mto Tana. Mwaka jana nilimwandikia programu ndogo ya kupanga upanzi. Nikaipa wastani wa mvua wa kila mwezi, ikanijibu: panda mvua za deyr zikikolea, yaani zile za Oktoba hadi Disemba. Mvua zikachelewa. Programu ikasema ngoja. Nikangoja, na mama akaningoja mimi. Miche tukaipandikiza Januari.

Hapo ndipo palipokuwa na mdudu, na simaanishi mdudu wa nyanya. Kufikia mwisho wa Februari miche ilikuwa imechanua vizuri, hata nikapiga picha. Lakini Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali kwetu. Mchana hupita nyuzi 35, na kwenye joto hilo ua la nyanya hukauka na kudondoka bila kushika tunda. Mistari 12 ikatupa kreti mbili. Mama alikuwa ameuza mbuzi wawili kununua petroli ya mashine ya maji.

Kunde na bamia zilikubali. Hizo alizipanda mwenyewe bila kuniuliza.

Sasa mwaka ujao. Mvua nimeishusha cheo ndani ya programu, maana sisi humwagilia kwa maji ya mto. Hesabu inaanzia siku ya kuchanua. Nataka maua yatokee Julai, joto likiwa limepungua, kisha narudi nyuma: kupandikiza mwanzoni mwa Juni, kitalu mwanzoni mwa Mei.

Shida ni kwamba Mei mto hauaminiki. Tana huweza kufurika hapa na mbingu iko kavu, kwa sababu maji yake hutoka Mlima Kenya na Aberdare, na mabwawa ya huko juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa yanayozidi hushuka kwetu. Kipimo cha mvua cha Balambala hakiwezi kukuonyesha hilo. Kwenye mafuriko ya Novemba 2023 maji yalifika mwembe wa tatu, na alama ya tope bado iko kwenye shina. Ni hatua 40 kutoka ukingoni. Katika data zote nilizo nazo, hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi.

Basi kitalu na nyanya vinahamia juu ya mwembe huo. Chini zibaki kunde na tikiti: maji yakizibeba tumepoteza mbegu tu, na yakirudi mtoni huacha tope zuri la kupandia tena.

Mama alisikiliza yote. "Hooyo," akaniambia (kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye), "na huko juu mashine itakunywa petroli kiasi gani?"

Hilo sikuwa nimeliandika popote. Tukakaa tukahesabu, pamoja na mpira mrefu zaidi wa kununua. Tumekubaliana nyanya mistari minne badala ya 12, petroli natoa mimi. Iliyobaki ni ya bamia. Mbegu zake ziko tayari kwenye chupa ya soda, juu ya kabati.