Mwaka wa Kuongeza

Jumapili, 18 Agosti 2019. Kisenge

Mjomba amelala kwetu usiku wa jana, safarini kuelekea Dilolo. Tulipomaliza kula bukari na sombe aliniuliza mbele ya Mama: “Bado unawaza udaktari?” Nikamjibu, ndiyo, Mjomba. Akasema basi nisiende mikono mitupu. Nina gradua ya uuguzi, A1, miaka mitatu ya Lubumbashi. Nirudi huko niongeze mwaka wa kwanza wa lisansi, na nikiweza nimalize wa pili niwe A0, ndipo niombe nafasi ya tiba. “Ukibisha mlango una karatasi mbili mkononi, nani atakurudisha?”

Mama aliitikia. Kwake neno la kaka yake ni neno la baba.

Mimi sikupata usingizi. Naandika swali lenyewe hapa ili liache kunizunguka: mwaka wa kuongeza utanisaidia kuingia tiba, au utanisaidia tu kuahirisha?

Jumanne, 20 Agosti

Surua. Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko tarehe 10 Juni, nasi tunaupokea kwa migongo ya akina mama. Leo watoto wanne wameletwa hapa kituo cha afya. Vitamini A, tone kwa tone: yuniti 200,000 kwa aliyetimiza mwaka, nusu yake kwa wa miezi sita hadi kumi na moja, robo yake kwa aliye chini ya miezi sita, na kesho tena. Wa nne alikuwa tayari anapumua kwa mbavu. Nilitoa kila dawa niliyoruhusiwa kutoa, kisha nikamwandikia karatasi ya kwenda hospitali, mama yake akapanda pikipiki naye kifuani.

Kuanzia pikipiki ilipowashwa hadi vumbi lilipotulia nilisimama mlangoni. Nataka udaktari kwa sababu ya pale ninaposimama dawa zangu zikiisha, wala si kwa sababu ya koti. Naandika hivi nisije nikasahau siku nitakapoanza kuhesabu fedha.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimempata kwenye simu rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari. Yuko kitivo cha tiba, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwaka wa kwanza wa doktora. Nilimweleza shauri la Mjomba. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Hiyo lisansi ya uuguzi utamwonyesha nani?”

Nimeyaandika maneno yake kwa mpangilio, maana mtandao ulikuwa unakatika.

Muuguzi A1 akija tiba anaanza G1, mwaka wa kwanza wa gradua. Muuguzi A0 akija tiba anaanza G1 vilevile, benchi moja na mtoto aliyemwagiwa poda kichwani juzi kwa kufaulu mtihani wa Serikali. Mlangoni wanatazama diploma ya Serikali na mtihani wa kuingilia. Baada ya hapo ni miaka mitatu ya gradua, mitatu ya doktora, na mmoja wa kukaa wodini: saba. Hakuna hata mmoja unaofutwa kwa sababu umewahi kuvaa nguo nyeupe.

Nikahesabu kwa kalamu. Nina miaka 24. Nikianza Oktoba hii, namaliza 2026 nikiwa na 31. Nikipitia lisansi yote, naanza 2021 na kumaliza 2028, nikiwa na 33. Miaka miwili ya karo na kodi ya chumba, na mwisho wake nipo kizingiti kilekile.

Nilimwambia basi naja mwaka huu. Akauliza: “Kemia yako ikoje?”

Sikumjibu. Diploma yangu ni ya pedagojia. Tulifundishwa kuandaa somo na kushika chaki. Kemia tuliipita kama basi linavyopita kijiji kisicho na abiria. Na G1, alisema, ni chungio: kemia, fizikia, hesabu, biolojia ya seli. Wengi hawakwami kwenye maiti wala damu. Wanakwama hapo.

Jumapili, 1 Septemba

Nimekwenda kwa Nkambo, babu yangu, baada ya ibada. Ana miaka 79, masikio hafifu, lakini ukitaja kazi ya manganizi anakaa wima. Alikuwa kijana wa kampuni ya BCK hapa hapa, akipakia jiwe jeusi kwenye mabehewa ya reli ya Benguela yaliyoshuka hadi bandari ya Lobito. Vita vya Angola vikaikata njia mwaka 1975. Jiwe lililokwisha kuchimbwa likabaki limelundikana. Mimi nimezaliwa nikaikuta ile milima myeusi, nikadhani Mungu aliiumba hivyo.

Nilimuuliza kuhusu madaktari wa zamani. Akasema daktari alikuwa Mzungu. Mtu mweusi aliyesoma sana aliishia kuwa msaidizi wa tiba, hata kama usiku ndiye aliyeamshwa. Hilo nalijua pia kutoka somo la historia ya uuguzi: tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Kongo haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja. Wazungu walipoanza kuondoka, Shirika la Afya Duniani liliwapeleka makumi ya wale wasaidizi Ufaransa wakamalizie. Hawakuanzishwa upya. Miaka waliyosoma na kufanya kazi ilihesabiwa, wakaingizwa katikati ya masomo, na baada ya miaka michache wakarudi madaktari.

Niliporudi nyumbani niliona wivu, na naukiri. Wao waliambiwa: mnayoyajua yanatosha kuwa ngazi ya kwanza. Mimi yangu hayahesabiwi. Lakini niliendelea kulifikiria jambo hilo hadi taa ilipoishiwa mafuta. Wale walikuwa wamesoma miaka mingi, na kemia ilikuwamo. Je, leo mtu akisema, “Haya, tunakuhesabia,” mimi ningekuwa na nini cha kuhesabiwa? Uuguzi ninao. Msingi wa chini yake sina.

Jumamosi, 7 Septemba

Jumatatu shule zilifunguliwa. Msingi ni bure mwaka huu kwa agizo la Rais, na darasa la mdogo wangu wamekaa wanne kwenye dawati la wawili. Nilingoja vurugu zipungue, leo nikaenda kwa mwalimu wa kemia wa sekondari. Nilimwambia: Mwalimu, nipime. Sitaki unifariji.

Akanipa maswali ishirini kutoka mitihani ya Serikali ya miaka ya nyuma, mkondo wa biolojia na kemia. Nikakaa chini ya mwembe wake tangu saa tatu hadi saa tano.

Sita.

Hakucheka wala hakunionea huruma. Aliniuliza moja tu: “Kituoni unachanganya dawa?” Kila siku, Mwalimu. “Basi moli unaishika kila siku. Hujaambiwa jina lake.”

Ijumaa, 13 Septemba

Hili la leo naliandika lote.

Mchimbaji amekuja na kidonda cha mguu, kinatoa maji, kina harufu. Nikaandaa permanganati kama nilivyofundishwa: kidonge kimoja cha miligramu 400, lita nne za maji, yapoe, mguu uloweshwe. Maji yakawa zambarau hafifu. Baada ya robo saa yakageuka kahawia, na kucha zangu zikashika doa lile ambalo sabuni hailiwezi.

Jioni nilikwenda kwa Mwalimu, ambaye sasa ananifundisha kemia, nikiwa nalo bado. Mwalimu akanishika kidole. “Hii ni nini?” Nikasema, dawa, Mwalimu. Akainama, akaokota kijiwe cheusi kwenye njia ya nyumba yake, kwa maana hapa Kisenge vimetapakaa kila mahali, akakiweka karibu na kucha yangu. “Ni hiki.”

Akanieleza polepole. Ndani ya permanganati manganizi amenyang’anywa elektroni saba, kwa hiyo ana njaa. Anazichukua popote anapozikuta: kwenye usaha, kwenye vijidudu, kwenye ngozi yangu. Hivyo ndivyo anavyosafisha. Akishapata tatu anatulia, anakuwa oksidi ya kahawia iliyokoza isiyoyeyuka, na zambarau inakufa. Oksidi hiyo ndiyo iliyomo kwenye jiwe letu la juu, na huko viwandani ndiyo wanayoanzia kutengeneza permanganati yenyewe. Kwa hiyo maji yakigeuka kahawia, nguvu yake imekwisha. Badilisha.

Miaka mitatu nimesoma uuguzi. Mwaka mzima nimeloweka miguu ya watu wa Kisenge kwenye manganizi, sikujua kuwa ni manganizi. Na ni mara ngapi nimeacha mguu kwenye maji ya kahawia nikisubiri saa itimie, kwa kuwa karatasi ilisema dakika thelathini?

Sasa naona kosa la swali langu la kwanza. Niliuliza kama mwaka unasaidia, kana kwamba mwaka ni kidonge. Ilinipasa kuuliza kilichomo ndani yake. Lisansi ya uuguzi ni elimu nzuri kwa anayetaka kuongoza wauguzi au kuwafundisha, na siidharau. Ila ndani yake sitaikuta ile kemia niliyoikosa nikiwa na miaka kumi na sita. Ingenirefushia safari bila kuniziba tundu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimepima njia zote tatu.

Kwenda sasa hivi: nafika nikiwa na sita juu ya ishirini. Nikianguka G1 narudia, na mwaka wa kurudia nao ni mwaka wa kuongeza, tena wa ghali kuliko yote, kwa kuwa nitaulipia Lubumbashi huku nikiwa nimevunjika moyo.

Lisansi: nimekwisha kuiandika.

Kubaki: zamu zangu, mshahara wangu mdogo unaochelewa, na jioni tatu kwa wiki kwa Mwalimu. Kemia hadi Krismasi, kisha fizikia na hesabu. Mwezi wa sita nijipime tena kwa maswali ambayo sijawahi kuyaona. Nikipata kumi na mbili kwenda juu, Oktoba 2020 naingia. Nitamaliza 2027, nikiwa na 32.

Mwaka huu hautakuwa na cheti. Hakuna karani atakayeupigia muhuri. Hilo ndilo linaloniogopesha, nami naandika ili niuone uoga wenyewe: mwaka usio na karatasi ni rahisi kupotea, jioni moja ya mvua baada ya nyingine. Itabidi daftari hili liwe muhuri wake.

Jumapili, 29 Septemba

Mjomba amepita tena akirudi Kolwezi. Nilimsalimu kwa magoti, nikamwachia ale kwanza, kisha nikamwambia. Alikasirika kidogo. “Kwa hiyo unakaa tu?” Nikamjibu: Sikai, Mjomba. Nasoma.

Nkambo alikuwepo. Nilidhani hasikii. Akasema mwaka jana, mwezi wa tatu, treni ya manganizi ilipovuka tena kwenda Lobito, watu walimwambia, tazama, subira yako imelipa. Yeye akawauliza: ni nani aliyesubiri? Jiwe ndilo lililosubiri, miaka zaidi ya arobaini, na ni jiwe lilelile. Waliofanya kazi ni wale walioitengeneza reli.

Mjomba hakusema zaidi. Asubuhi, kabla ya kupanda gari, ameniachia noti kwenye mkono wa Mama, “za madaftari.”

Jumamosi, 5 Oktoba

Yule mtoto wa surua niliyemtuma hospitali amerudi kituoni kupimwa uzito. Amekonda, macho mazima. Mama yake amenichekea kama ndugu.

Kidonda cha mchimbaji kimekauka pembeni. Maji nimebadilisha mara mbili leo.

Usiku, kazi ya Mwalimu: potasiamu 39, manganizi 55, oksijeni 16 mara nne. Jumla 158. Gramu 0.4 kugawa kwa 158 ni moli 0.0025 kwenye ndoo yangu ya lita nne. Nimeirudia mara mbili bila kutazama daftari. Imetoka ileile.