Potwe wa Mafia, Samaki Mkubwa Kuliko Wote

Sisi wa Bukoba na Muleba twamjua samaki kwa njia mbili: yuko wavuni, au yuko chunguni. Ziwa letu liko mlangoni, na watoto wa Kemondo, wa Nyamukazi, na wa visiwa vya Bumbire na Goziba huwatambua sangara, sato na dagaa kabla hawajajua kusoma. Lakini mtu kulipa nauli na kusafiri siku nyingi ili amtazame samaki tu, kisha amwache aende zake, hilo kwetu ni jambo geni. Hata hivyo linafanyika, tena katika nchi yetu wenyewe. Basi, mpenzi msomaji, twende pamoja hadi kisiwa cha Mafia tukalione.

Kwanza tumjue papa mwenyewe. Papa ni samaki wa bahari. Hana mifupa migumu kama sangara. Mwili wake umejengwa kwa gegedu, kama ile uishikayo katika sikio lako. Aina za papa duniani ni zaidi ya 500. Wako wadogo wasiozidi urefu wa mkono, na wako wakubwa kupita mtumbwi. Ziwani kwetu hayumo, kwa hiyo mama zetu wasimwogope wanapochota maji. Mamba peke yake yatosha.

Papa anayetisha watu kuliko wote ni papa mweupe mkubwa. Urefu wake waweza kufika mita 6, na uzito wake hupita tani moja. Meno yake ni ya pembetatu, yenye makali kama msumeno, naye huwinda sili, wanyama wa bahari wenye mafuta mengi. Katika nchi ya Afrika ya Kusini, kwenye mji mdogo wa pwani uitwao Gansbaai, watu huenda kumtazama kwa mashua. Mashua hubeba tundu la vyuma lililofungwa ubavuni. Mabaharia humwaga baharini mafuta na samaki waliosagwa ili harufu imvute papa. Kisha wageni huvaa nguo za mpira na miwani ya maji, huingia ndani ya tundu, nao hukaa pale wakimtazama anavyopita mbele ya vyuma. Kwa kawaida mnyama ndiye hufungwa tunduni na mtu akawa nje. Hapa mtu ndiye aliye tunduni.

Mwanzo wa desturi hii ni wa ajabu. Mwaka 1963 huko Australia, kijana mmoja, Rodney Fox, alikuwa katika mashindano ya kuchoma samaki kwa mkuki. Papa mweupe alimkamata kifuani akamjeruhi vibaya sana, hata ikawa ajabu kwamba alipona. Wazee husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini Fox, badala ya kuikimbia bahari, alibuni tundu la vyuma ili aweze kumtazama kwa karibu samaki yule aliyetaka kumwua, na baadaye akawa mmoja wa watu waliomtetea papa asimalizwe.

Kwa kweli papa ana sababu nyingi za kumwogopa binadamu. Kila mwaka, dunia nzima, papa huuma watu wapatao 60 au 70 pasipo kuchokozwa, na walio wengi kati yao hupona. Lakini wanadamu huua papa kwa mamilioni, kwa nyama yao na kwa mapezi yao yanayouzwa ghali. Ndiyo maana Afrika ya Kusini ilipiga marufuku kumwua papa mweupe mwaka 1991, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo.

Sasa turudi kwetu Tanzania. Kisiwa cha Mafia ni wilaya katika Mkoa wa Pwani, nacho kiko baharini mbele ya mahali mto Rufiji unapomwaga maji yake. Kutoka Muleba safari ni ndefu. Utapanda basi mpaka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,300. Utaaga migomba, utapita miombo, utapita nchi kavu ya Singida na Dodoma, hata utakapoona minazi. Toka Dar es Salaam utashika barabara ya kusini iendayo Kilwa, kisha utageuka kuelekea Nyamisati, bandari ndogo ya wilaya ya Kibiti iliyozungukwa na mikoko. Hapo ndipo penye chombo cha kukuvusha mpaka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Mwenye fedha nyingi huruka kwa ndege ndogo, lakini mwenye fedha chache huona mengi zaidi.

Ukifika Kilindoni utaona mji wa wavuvi, na dagaa wameanikwa juani kama wetu wa Katunguru. Harufu ni ile ile. Maji ndiyo tofauti, kwa maana ni ya chumvi, nayo hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Chombo ulichokiacha kinaelea asubuhi, mchana waweza kukikuta kimelala mchangani.

Samaki tuliyemfuata huitwa potwe kwa watu wa Mafia. Mahali pengine pa pwani humwita papa shilingi, kwa sababu mgongo wake wa kijivu umejaa madoa meupe ya mviringo. Wazee wa huko husimulia kwamba Mungu alimrushia shilingi toka mbinguni, nazo zikabaki mgongoni mwake. Yeye ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote wa dunia. Nyangumi humpita ukubwa, lakini nyangumi si samaki. Hunyonyesha watoto wake na kuvuta hewa kama sisi. Potwe mzima kabisa aweza kupita mita 12. Wale wa Mafia, walio wengi ni madume vijana, urefu wao ni mita 5 hadi 8 hivi. Hata huyo kijana amtosha mtu kushangaa, kwani ni mrefu kuliko mitumbwi yetu mingi.

Pamoja na ukubwa huo, potwe hana haja ya tundu la vyuma. Meno yake ni madogo mno, wala hayatumii kutafuna. Chakula chake ni vidudu vidogo vya bahari, uduvi, mayai ya samaki na dagaa. Hufumbua kinywa chake kipana, akameza maji, kisha maji hutokea mashavuni na chakula hubaki ndani, kama mama anavyochuja tui la nazi. Hakula mtu wala hana nia hiyo.

Mbona basi hupenda Mafia? Sababu ni mto Rufiji. Mto huo huleta udongo wenye rutuba toka bara, na mikoko iliyo mdomoni mwake ni msitu mkubwa. Rutuba hiyo hulisha vidudu vya maji, vidudu hulisha dagaa na uduvi, na potwe huja kula. Tangu mwezi wa Oktoba mpaka Machi hivi huonekana karibu na pwani ya Kilindoni. Zamani watu walidhani kwamba miezi mingine huhama kwenda nchi za mbali. Wataalamu wakawafunga vidude vya kutoa sauti, wakaweka masikio ya mashine chini ya bahari, wakagundua kwamba wengi hawaendi mbali. Huwako Mafia mwaka mzima, ila huingia maji ya kina.

Jambo jingine walilogundua litakupendeza. Madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine, kama vile alama za vidole vyetu zisivyofanana. Hupigwa picha ubavuni, na mashine husoma mpangilio wa madoa. Programu inayofanya kazi hiyo ilitokana na hesabu za wataalamu wa nyota, waliotaka kutambua makundi ya nyota angani. Kwa njia hiyo potwe wa Mafia zaidi ya mia moja wamekwisha kuandikwa, kila mmoja na namba yake, kama sisi makarani tunavyoandika watu vitabuni.

Asubuhi ya mwezi wa Desemba niliingia katika mashua ya mzee mmoja wa Kilindoni. Mimi si mwogeleaji, kwa hiyo nilikusudia kukaa chomboni. Tulikwenda muda mfupi tu, tungali tukiona minazi ya pwani. Nahodha hakutazama maji, alitazama ndege. Walipokusanyika mahali pamoja wakitumbukia na kutoka, alielekeza mashua huko akapunguza moto wa mashine. Kisha akanyosha kidole bila kusema neno. Chini ya maji niliona kitu kama zulia la kijivu lenye vitone vyeupe, kikija polepole. Kikapita ubavuni mwetu, kichwa kikiwa kimefika mbele ya mashua na mkia ungali nyuma. Wageni wawili walishuka majini wakaogelea kando yake. Yeye hakugeuka wala hakuharakisha.

Ziko kanuni za kumtazama. Usimguse, usimpande, usimzibie njia, wala usimkaribie mno. Mkia wake una nguvu za kumvunja mtu pasipo kukusudia. Mashua zisimzunguke kwa wingi, wala zisimpite kwa mwendo wa kasi, kwa maana pangaboi hukata ngozi yake, na potwe wengine wana makovu ya namna hiyo.

Nilimwuliza nahodha, "Shikamoo mzee. Na wavuvi wenzako wanampenda samaki huyu?"

"Marahaba, mwalimu," akajibu. "Yeye hutuonyesha dagaa walipo. Tukimwona, twajua kuna riziki. Lakini tukizungusha wavu, mara nyingine na yeye yumo ndani. Hapo hatuna budi kushusha wavu atoke, na dagaa wengine hutoka naye. Akiuchana, hasara ni ya mwenye wavu. Mgeni humlipa mwenye mashua; mwenye wavu hamlipi mtu."

Maneno hayo nayaweka mbele yako, msomaji, kwa kuwa ndiyo kiini cha habari hii. Potwe yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani tangu mwaka 2016. Inakadiriwa kwamba wamepungua zaidi ya nusu katika miaka 75. Huchukua miaka 25 hivi, au zaidi, kufikia utu uzima, kwa hiyo akiuawa kijana hapati nafasi ya kuzaa. Mafia wana hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza katika Tanzania, lakini maji ya Kilindoni anapokula potwe yako nje ya mipaka yake. Ulinzi wake mkubwa ni mkono wa mvuvi ule unaoshusha wavu. Mkono huo nao una watoto wa kulisha.

Tena fedha za watalii si ahadi ya milele. Huko Gansbaai, mwaka 2017, walifika nyangumi wauaji, wakawaua papa weupe na kula maini yao. Papa waliobaki wakakimbia, na tangu hapo mara nyingi mashua huwaonyesha wageni papa wa aina nyingine. Samaki hana bwana. Aweza kuondoka asirudi, na ambaye hakuwa na shamba wala kazi nyingine atalia njaa. Kwa hiyo watu wa Mafia wenye busara hawakuacha minazi wala nyavu zao.

Pengine utasema, "Haya ni ya pwani, sisi yatuhusu nini?" Tazama ziwa letu. Sangara aliletwa katika miaka ya 1950, akazidi, akawala furu wa aina nyingi ambao baba zetu waliwajua na watoto wetu hawawajui. Naye sangara akawa mali: viwanda vilijengwa, mabondo yake yakauzwa ghali ng'ambo. Sasa yeye mwenyewe huvuliwa angali mtoto. Sheria inakataza kumvua sangara asiyefika sentimita 50, lakini wote twajua tunayoyaona magulioni. Mvuvi wa Muleba hujibu kama yule wa Mafia: nikimrudisha majini, nani atanilipa?

Jibu moja liko karibu nasi. Kisiwa cha Rubondo, kusini mwa Muleba, ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Wageni huenda huko kwa mashua kuwatazama viboko, mamba, nzohe na ndege. Wavuvi hawaruhusiwi kutega huko, na samaki huzaliana kwa amani. Wanaozaliwa hawajui mipaka, nao huja mpaka katika maji tunayovua sisi. Yaani samaki aliyeachwa leo aweza kumlipa mvuvi mwenyewe kesho kutwa, ingawa hatajua ni yupi.

Jibu jingine liko mikononi mwa anayenunua. Mchuuzi apitapo na baiskeli yake, tazama urefu wa samaki kabla hujauliza bei. Sangara mdogo akikosa mnunuzi kijiji kizima, mvuvi hataona faida ya kumleta. Na wewe mwenye kijana Dar es Salaam, umwambie mwezi wa Desemba akuongoze mpaka Kilindoni. Jiandae kwa jua kali, chukua kofia na maji ya kunywa, na utakapokuwa mashuani, tazama ndege.